Giaboksi ya lori ya rimoti: vile naifungua, naisafisha na kuirudisha, sisi tunaoendesha mchangani Lamu

Kama uko Lamu na una lori ya rimoti basi uwanja wako ni mchanga, mjini ni vichochoro vya punda na watu, huwezi kufungulia gari mle ukamgonga mzee wa watu miguuni, kwa hivyo sote tunaishia Shela ufukweni ama kule kwenye matuta. Na mchanga wa kule ni laini kama unga, unaingia pahali ambapo hujui kama pana nafasi. Nimefungua giaboksi yangu mara nyingi sana, na za marafiki vilevile, na karibu kila iliyoharibika ilianza kulia wiki mbili tatu kabla, mwenyewe akasema aah bado yaenda. Spea nazo hapa si kitu cha kutoka nje ukanunua, kifurushi kinakuja na basi mpaka Mokowe kisha kivuke na boti, na kama kimeagizwa ng'ambo basi gari itakaa juu ya kabati mpaka uisahau. Ndio maana nakuomba ufungue mapema, meno yakiwa bado mazima. Gia chafu ni kazi ya jioni moja. Gia iliyokatika ni mwezi.

Tujuane na vitu kwanza

Mota ina shafti, kwenye shafti kuna gia ndogo ya chuma, hiyo ndio pinioni. Pinioni imeshikana na gia kubwa ya plastiki ambayo iko nje ya giaboksi, chini ya kifuniko chake. Gia kubwa imekaa kwenye slipa, yani klachi ndogo yenye sahani, springi na nati, kazi yake ni kuteleza kidogo mshtuko ukija ili meno yasikatike. Kutoka kwa slipa shafti ya juu inaingia ndani, inazungusha gia ya kati, ya kati inazungusha difu, na difu inagawa nguvu kwa vikombe viwili vya pembeni na zile shafti zinazoenda magurudumuni. Hapa naongelea lori za skeli ya 1/10, yani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, zinazovuta nyuma tu, manake ndio nyingi. Kama yako yavuta zote nne una difu mbele na nyuma na pengine ya kati, kazi ni ile ile ila imeongezeka.

Sikiliza kabla hujashika bisibisi

Chomeka betri, inua gari magurudumu yasiguse chini, washa rimoti kwanza ndio uwashe gari, alafu pea gesi kidogo kidogo usikilize. Mlio mwembamba mkali kama wa mbu mkubwa, pinioni imesukumwa sana kwenye gia kubwa. Mlio wa kek-kek-kek ukipea gesi ghafla, ama pinioni iko mbali ama kuna jino limeenda. Mlio wa kusaga kama mtu anatafuna wali wenye mchanga, huo ni beringi ama mchanga umeshafika ndani.

Mota ikiwa yazunguka na gari haiendi usikimbilie kufungua kila kitu. Toa kifuniko cha gia kubwa, weka alama ya kalamu moja kwenye shafti ya mota na pinioni, na nyengine kutoka kwenye gia kubwa mpaka kwenye sahani ya slipa. Pea gesi kidogo, zima, tazama. Alama ya pinioni imeachana, skrubu yake imelegea, hiyo ni dakika tano umemaliza. Alama ya slipa imeachana mbali, nati imelegea ama sahani zimeisha. Zote ziko sawa na magurudumu hayazunguki, basi tazama ile pini ndogo inayopita kwenye ekseli nyuma ya gurudumu, hudondoka ile na watu wakafungua giaboksi nzima bure.

Difu yapimwa hivi: toa betri, shika gia kubwa isizunguke, zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La pili lazima lizunguke kinyume, laini, bila kuruka. Likiruka ama likikwama pahali pamoja kila mzunguko, kuna jino ndani.

Kutoka hapa betri iwe nje mpaka mwisho. Mota hizi hazina huruma na kidole, na kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme kwa mota, ikishtuka haikuulizi.

Pahali pa kufanyia kazi

Usifanyie barazani wakati wa kusi. Upepo ule unaleta mchanga kutoka popote, utasafisha ukichafua. Ingia ndani, tandika kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka uione, na uwe na trei ya mayai, kila shimo na skrubu za hatua yake, kuanzia kushoto kwenda kulia, wakati wa kurudisha unaenda kinyume. Skrubu za giaboksi huwa na urefu tofauti na zafanana ukizitupa pamoja, ndefu ukiiweka pahala pa fupi inatoboa mpaka ndani na kukwaruza gia. Piga picha na simu kila unapotoa kitu, hata kama wajiamini.

Vifaa ni spana za alen za 1.5, 2 na 2.5 milimita, na ununue nzuri, hapa usibane pesa manake spana mbovu inaviringisha kichwa cha skrubu na ukishafika hapo umejiongezea siku. Mswaki mzee, mafuta ya taa kidogo, sabuni ya vyombo, mafuta ya cherehani, na grisi. Grisi mimi natumia ile ya boti, wanayoweka mafundi wa injini za maji, haitoki na maji ya chumvi na yapatikana hapa hapa. Petroli usitumie, inafanya bodi za plastiki angavu zipasuke nyufa nyufa na mipira ya sili inavimba.

Kuosha kwanza, kufungua baadaye

Gari ikitoka ufukweni ioshe nje kabla ya kulegeza skrubu hata moja, la sivyo ule mchanga wa juu wote unaanguka ndani ukifungua. Ila osha kama gari yako ni ya kuhimili maji, na maji yawe matamu. Maji ya visima vingi vya mjini yana munyu, ukioshea hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi, afadhali maji ya mvua ama yale ya kununua, lita mbili tatu zatosha. Usipige kwa nguvu ya mpira, maji ya nguvu yanasukuma mchanga upite kwenye beringi. Mwagia tu, sugua na mswaki, kausha na kitambaa, acha mahali penye hewa.

WD-40 ni nzuri kwa kufukuza maji baada ya kuosha, ndio kazi yake, lakini si mafuta ya beringi. Ukiipulizia pekee ukaondoka inaosha grisi iliyokuwemo na wiki inayofuata beringi imekauka na imeshika kutu.

Kuitoa na kuipasua

Toa magurudumu ya nyuma, chomoa nyaya za mota (picha kwanza, hasa kama mota yako ni ya nyaya tatu), legeza mota uitoe. Giaboksi yenyewe imeshikwa kwenye fremu kwa skrubu nne mpaka nane hivi, chini na nyuma, na shafti za pembeni zachomoka kwenye vikombe ukishaachia mikono ya sapoti inayobeba magurudumu. Kila gari na mpangilio wake hapa, kwa hivyo siwezi kukuelekeza skrubu kwa skrubu, fuata picha zako.

Kabla ya kupasua toa slipa. Shika gia kubwa kwa mkono, legeza nati, na toa kitu kimoja kimoja ukipanga kwenye kitambaa kwa mstari kama vile vilivyokaa: nati, springi, washa, sahani, gia, sahani. Kuna pini nyembamba inayopita kwenye shafti nyuma ya slipa, itoe sasa ama itakukwamishia shafti.

Sasa pasua giaboksi, yani tenganisha nusu zake mbili. Ilaze upande, inua nusu ya juu polepole, gia zibaki nusu ya chini. Utakachokiona kama hujafungua muda mrefu ni uji wa kijivu, grisi imechanganyika na mchanga, ukiusugua kati ya vidole viwili wahisi chenga chenga kabisa. Ule ni msasa, na umekuwa ukizunguka kati ya meno kila ukibonyeza gesi. Futa wote. Shimu (pete nyembamba za kujaza nafasi) na washa nyembamba za pembeni mwa difu uzihesabu na ukumbuke upande wake, moja kushoto na mbili kulia si sawa na mbili kushoto na moja kulia.

Gia za plastiki zioshe na sabuni na maji ya uvuguvugu, pitisha mswaki kwenye kila bonde la jino, alafu zinyanyue kwenye mwanga. Tazama kwa karibu, chembe za mchanga huwa zimejipachika kwenye plastiki yenyewe, zinameta, na mswaki hauzitoi, uzitoe na ncha ya sindano moja moja. Ukiziacha, ile gia ya plastiki itakula gia ya chuma iliyo laini zaidi ya mchanga, wengi hawaamini mpaka waone pinioni yao imechongoka kama meno ya papa. Jino lililochongoka, jino lililopauka na kupinda kidogo mzizi wake, ufa wowote kwenye shimo la katikati, badilisha gia. Jino moja likienda la jirani linabeba kazi ya mawili na halikai.

Beringi

Toa zote, weka kila moja kwenye ncha ya kidole na uzungushe. Nzuri inateleza kimya. Mbovu yahisi kama ina chumvi ndani, na mara nyingi ni kweli ina chumvi ndani. Yenye kuchezacheza pembeni itupe, manake shafti ikicheza gia hazikutani sawa na utabadilisha gia kila mwezi ukilaumu gia.

Ya kusafishika: ng'oa kisahani cha mpira kwa ncha ya sindano ukianzia ukingo wa ndani, loweka kwenye mafuta ya taa, tikisa, mimina, rudia mpaka mafuta yatoke safi, iache ikauke, weka grisi ya boti kidogo ama matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta huzunguka haraka zaidi, grisi hukaa zaidi, na kwa mchanga wetu nachagua grisi bila kufikiri.

Ya kununua nenda na saizi, usiende na jina la gari utapigwa bei. Pima shimo, upana wa nje na unene. Ya 5x11x4 yaitwa MR115, ya 5x10x4 ni MR105, ya 10x15x4 ni 6700 na ya 15x21x4 ni 6702. Ukiitaja kwa namba hizi muuza beringi yeyote atakuelewa, na ongeza 2RS mwisho upate ya mipira pande zote mbili.

Difu

Fungua skrubu za kifuniko kwa mtindo wa msalaba. Ndani kuna gia ndogo zilizokaa kwenye pini na mbili kubwa zinazotoka nje. Safisha, tazama pini kama haijaliwa katikati, tazama mpira wa sili. Difu isiyo na sili weka grisi nzito ijae kiasi, mafuta usijaribu yatamwagika yote. Yenye sili weka mafuta ya silikoni, kwa nyuma naanzia 10,000 mpaka 30,000 cSt (kipimo cha uzito wa mafuta), jaza mpaka yafunike pini tu na ubakishe hewa kidogo juu, ukijaza mpaka ukingoni yanapopata moto yanatafuta njia ya kutokea. Mazito zaidi magurudumu yote mawili yanashikana kuvuta, mchangani inasaidia, lakini kona inakuwa ngumu.

Kurudisha

Ndani ya giaboksi paka grisi nyembamba kwenye meno, kiasi cha kuona yanang'aa. Si kujaza. Pinioni na gia kubwa usiwekee chochote! Hizo ziko nje, kifuniko chake hakizibi kabisa, grisi pale ni gundi ya mchanga, na hili ndilo kosa naliona zaidi ya yote, mtu ameipenda gari yake akaipaka grisi kila pahali na ameiua kwa mapenzi. Kavu, kavu kabisa.

Kwenye mshono wa nusu mbili za giaboksi pitisha uzi mwembamba wa grisi ya silikoni kabla ya kufunga, unazuia unga wa mchanga na bado utafunguka siku nyengine. Skrubu zinazoingia plastiki zizungushe kinyume kwanza kwa vidole mpaka uhisi imeanguka kwenye njia yake ya zamani, hapo ndio uende mbele, ukikata njia mpya kila mara plastiki inaisha na skrubu haishiki tena. Zikigusa, robo mzunguko zaidi na uache.

Kabla ya kuweka slipa zungusha shafti ya juu kwa vidole. Iende laini mzunguko mzima. Ikikaza pahali, fungua tena sasa hivi, shimu imekaa vibaya ama beringi haijazama.

Pinioni

Skrubu yake ndogo lazima ikae juu ya ule upande bapa wa shafti ya mota, si pembeni. Futa mafuta yote kwenye shafti na skrubu kwa spiriti, tone moja la Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu isilegee, kwenye skrubu, kaza. Nyekundu usiweke, hiyo yataka moto mkali kufunguka, na yoyote isiguse plastiki manake inaipasua. Iache usiku kucha ukiweza. Kama ya zamani imegoma kutoka, gusisha ncha ya chuma cha kuchomea solda kikiwa cha moto kwenye skrubu dakika moja hivi, itaachia.

Na hakikisha meno ni ya saizi moja. Mwaka jana niliagiza pinioni, muuzaji kaandika ni ya pichi 48 (pichi na moduli ni vipimo vya ukubwa wa meno), nikaitazama kwa macho nikaona sawa, nikafunga. Siku ya pili chini ya kifuniko kulikuwa na unga mweupe, gia kubwa nzima imesagika. Nilipopima ndio nikajua ilikuwa ya moduli 0.6. Tangu siku hiyo sifungi gia bila kupima: chukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili, pima upana wa nje wa gia, gawa kwa idadi ya meno ukijumlisha mbili. Gia kubwa ya meno 86 yenye upana wa milimita 46.6, gawa kwa 88, unapata 0.53, hiyo ndio pichi 48. Ukipata 0.79 ni pichi 32, na 0.6 ni moduli 0.6. Pima zote mbili, pinioni na gia kubwa, zitoe jibu moja.

Idadi ya meno nayo yahusu joto. Lori aina ya Traxxas Slash ya magurudumu mawili ina uwiano wa ndani wa 2.72. Gia kubwa 86 na pinioni 18, 86 gawa kwa 18 mara 2.72 unapata 13, yani mota inazunguka mara 13 gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya 23 inashuka mpaka 10.2, gari ina mbio zaidi lakini mota inabeba mzigo zaidi. Mchanga ni mzigo kama kupanda mlima usioisha, kwa hivyo Shela naweka ndogo, ile kubwa ni ya sakafu ngumu.

Kuweka nafasi ya gia

Hapa usiwe na haraka. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upana kama wa gia, uingize kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka ibane karatasi, kaza skrubu za mota, kisha zungusha gia utoe karatasi. Itoke na mikunjo ya zigizagi iliyo wazi, bila kutoboka. Imetoboka, umebana sana. Mikunjo haionekani vizuri, uko mbali. Alafu tikisa gia kubwa kwa kidole huku pinioni umeishika, usikie tik ndogo. Rudia hiyo tik pahali panne kuzunguka gia, manake gia za plastiki hazikai mviringo kamili, na nafasi uipimie pale ilipobana zaidi.

Slipa

Rudisha sahani zikiwa kavu na safi, kidole chenye grisi kikigusa pale slipa itateleza milele, ifute na spiriti. Kaza nati mpaka springi ibanwe yote, kisha rudisha nusu mzunguko mpaka mmoja, ndio pa kuanzia. Shika magurudumu yote mawili ya nyuma imara na usukume gia kubwa kwa dole gumba: iteleze kwa shida, si kwa urahisi na si kukataa kabisa. Ikiwa legevu inapata moto na kuyeyusha katikati ya gia kubwa, ikikaza kabisa kila mruko wa tuta unaenda moja kwa moja kwenye meno. Watu huniuliza kuhusu gia kubwa ya chuma, mimi sitaki. Nataka ya plastiki ivunjike ile ya nje ya bei ndogo ninayoibadilisha kwa dakika kumi, kuliko nguvu iende ikavunje ya ndani.

Majaribio

Inua, gesi kidogo, sikiliza, sauti iwe moja mbele na nyuma. Kisha chini dakika tano pole pole, zima, gusa mota. Ukiweza kuhesabu mpaka tatu kidole kikiwa juu yake ni sawa. Huwezi, basi rudi kwenye nafasi ya gia ama punguza pinioni, ukiwa na kipima joto usipite nyuzi 80. Toa kifuniko uangalie kama kuna unga. Hakuna, endesha betri nzima, ukaze tena skrubu za mota zote mbili, hizo hulegea mara ya kwanza baada ya kazi.

Kwa ratiba, mimi kila nikitoka Shela natoa kifuniko cha gia kubwa na kupitisha mswaki mkavu, kila betri kumi hivi nazungusha kila kitu kwa mkono nikisikiliza, na giaboksi yote naipasua kila mwezi kama naendesha wikendi. Ikiingia baharini, hata wimbi dogo tu, naipasua usiku ule ule. Kuna rafiki alisema ataifungua kesho, kesho ikawa Ijumaa, akaja kuifungua beringi za chuma zimeshikana na shafti, tukazing'oa kwa nyundo.

Kwenye kopo la spea niko na gia kubwa mbili, pinioni mbili za 16 na 18, beringi mbili za kila saizi, pini za ekseli sita, skrubu za pinioni nne na sahani za slipa. Na kabla ya kusi kushika naagiza nilichopunguza, bahari ikichafuka mzigo kuvuka kutoka Mokowe unaweza kuchelewa.